Ajabu na Ushahidi: Bwana Msa Mbele ya Pango la Kuumbi

Wahenga walisema kwamba ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni. Methali hii hutumiwa zaidi katika kulaumu visa vya walimwengu, lakini ndani yake imo hekima pana kuliko lawama: kwamba ajabu haina kikomo, na kwamba nyuma ya ajabu moja iko nyingine iliyo kubwa kuishinda. Kinyume cha hekima hii iko fikira moja iliyoenea kwa wasomi na wasiosoma sawasawa. Fikira yenyewe ni kuwa elimu ni adui wa ajabu. Jambo likishajulikana sababu yake, basi ajabu yake imekufa. Wako wanaofurahia kifo hicho wakisema kwamba watu wametolewa gizani, na wako wanaokisikitikia wakisema kwamba dunia imepungukiwa na utamu wake. Makundi haya mawili yagombana juu ya matanga, lakini yamekwisha kubaliana kwamba maiti ipo. Nia ya insha hii ni kuonyesha kwamba maiti haipo.

Kwa ajili hiyo nitazitazama riwaya za Muhammed Said Abdulla wa Unguja, ambazo kwa muda mrefu zimehesabiwa kuwa ni shule ya kufikiri katika fasihi yetu, kisha nitaziweka kando ya mambo mawili yaliyogunduliwa katika ardhi ileile iliyomzaa mwandishi huyo. Pengine kwa njia hii tutapata kipimo cha haki cha kumpimia: wapi alifanikiwa, na wapi aliusimamisha mguu wake mapema.

Yafaa kwanza tutenganishe maneno, maana lugha yetu si maskini katika jambo hili. Kiswahili kina kioja, kina mazingaombwe, kina muujiza, na kina ajabu. Kioja hutazamwa na kuchekwa, kisha watazamaji huenda zao. Mazingaombwe yana hila ndani yake, na hila hiyo ikijulikana mchezo umekwisha. Mtazamaji aliyeuona uzi katika kidole cha mchezaji harudi tena kesho. Muujiza hupokewa kwa imani wala haudai kuelezwa. Ajabu ni kitu cha nne. Ajabu humfanya mtu aulize, na jibu la kweli huwa mzazi wa swali jipya. Kosa la wale wanaosema kwamba elimu huua ajabu ni kwamba wameichukua ajabu wakaiweka katika fungu la mazingaombwe. Wadhani ulimwengu ni mchezaji mwenye uzi kidoleni, na kwamba mwanachuoni ni yule mtoto mjanja aliyeuona uzi ule akapiga kelele.

Mji Mkongwe wa Unguja umepata mfano wa jambo hili katika mawe. Mwaka 1883 Seyyid Barghash alijenga jumba kubwa mbele ya bahari, nalo likaitwa Beit al-Ajaib. Liliitwa hivyo kwa sababu ya ukubwa wake na nguzo zake za chuma, na hatimaye kwa sababu ya taa za umeme na lifti zilizotiwa ndani yake, vitu ambavyo watu wa mji walikuwa hawajaviona. Lakini ajabu ya jumba lile ilikuwa ajabu ya kumiliki. Ilidumu kadiri jirani alivyokuwa hana. Siku umeme ulipoingia katika nyumba za Shangani na Malindi, na hata ng'ambo ya Darajani, taa ya jumba ilibaki taa tu. Jina likasalia, na jumba likawa afisi, kisha makumbusho, na tarehe 25 Desemba 2020 sehemu yake moja ilianguka pamoja na mnara wa saa, na roho za watu zikapotea. Sisemi haya kwa kuidharau kazi ya wajenzi. Nasema kwamba umeme wenyewe, yaani ile nguvu ipitayo katika waya bila ya kuonekana, haukupungua ajabu hata kidogo kwa kuenea kwake. Kilichopungua ni fahari ya kuwa nao. Mtu aliyeuliza umeme ni kitu gani angali anastaajabu mpaka leo. Mtu aliyeuliza taa ni ya nani alikwisha kuchoka zamani.

Sasa tumwendee mwandishi wetu. Muhammed Said Abdulla alizaliwa Makunduchi, kusini mwa Unguja, mwaka 1918. Alipomaliza masomo mwaka 1938 aliingia katika Idara ya Afya akawa mkaguzi, na kazi hiyo aliifanya kwa miaka kumi kabla ya kugeukia uandishi wa magazeti. Mwaka 1948 alikuwa mhariri wa gazeti la Zanzibari, na baadaye, tokea 1958 mpaka 1968, mhariri wa Mkulima. Hadithi yake ya kwanza kubwa, Mzimu wa Watu wa Kale, ilipata zawadi ya kwanza katika mashindano ya uandishi yaliyofanywa na Shirika la Vitabu la Afrika Mashariki mwaka 1957 na 1958, ikachapishwa mwaka 1960. Baada yake zilifuata Kisima cha Giningi mwaka 1968, Duniani Kuna Watu mwaka 1973, Siri ya Sifuri mwaka 1974, na nyingine, hadi Kosa la Bwana Msa mwaka 1984.

Wahakiki wengi wanapoitafuta asili ya Bwana Msa huishia London, katika nyumba ya Sherlock Holmes. Ufanano upo wala haukanushiki: kiko mdomoni, rafiki wa kuandamana naye, polisi aliyechelewa kufahamu. Lakini nadhani ile miaka kumi ya ukaguzi wa afya yastahili kutiwa katika hesabu, na sijui kwa nini haitiwi. Kazi ya mkaguzi wa afya ni nini? Ni kufika mahali ambapo watu wamepatwa na ugonjwa, na kila mmoja ana maelezo yake: huyu ataja jicho baya, huyu ataja jini, huyu ataja jirani. Yeye haombwi kubishana nao. Aombwa kutazama kisima, na mtaro, na madimbwi yaliyo nyuma ya nyumba, na kuhesabu ni nani walikunywa maji yapi. Sababu humngojea katika kitu kidogo ambacho kila mtu amekipita bila ya kukitazama. Msomaji wa riwaya hizi ataitambua tabia hiyohiyo. Bwana Msa hapigani na imani za watu kwa hotuba. Huinama akatazama chini.

Hapa ndipo ulipo ubora wa Mzimu wa Watu wa Kale. Mtu aitwaye Bwana Ali akutwa amekufa mahali panapoogopwa, pahala pa mzimu, na hofu ya watu yatoa hukumu kabla ya ushahidi kusikilizwa. Ni nani atakayemshitaki mzimu? Hofu yawa ngao ya muuaji. Mwandishi alifahamu jambo zito: kwamba imani isiyoulizwa haimdhuru mwenye kuiamini peke yake, bali humpa mwovu mahali pa kujificha. Bwana Msa auondoa woga, na akiuondoa, mwanadamu mwenye hatia asimama peke yake mbele ya macho ya watu. Katika mwaka 1960, na kwa Kiswahili kilicho safi na chepesi kama kile, hiyo ilikuwa kazi kubwa, na sifa zake mwandishi hazikuzidi.

Lakini mhakiki yampasa aulize pia kilichobaki baada ya kitabu kufungwa. Mzimu umekuwa nini? Umekuwa mahali pa uhalifu, basi. Ulipokuwa haujaelezwa ulikuwa na watu wa kale ndani yake. Ulipoelezwa wakatoka wote, wasiachwe hata wa kuulizwa habari. Jina la kitabu lawataja watu wa kale, na kitabu chenyewe hakina haja nao. Hao walikuwa nani? Waliishi lini? Kwa nini mahali pale paliheshimiwa, na siyo mahali pengine hatua mia mbele yake? Maswali haya hayaulizwi, kwa kuwa fumbo la hadithi ni fumbo la mauaji, na fumbo la mauaji likifumbuliwa kiko huzimwa. Kadhalika katika Kisima cha Giningi: Giningi, ambao katika masimulizi ya visiwani ni mji wa wachawi usioonekana kwa macho, waliazima jina tu jalada la kitabu. Kwa hiyo, pamoja na uhodari wake wote, Abdulla aliichukulia ajabu kama mazingaombwe. Uzi ukishaonekana, mchezo umekwisha.

Atatokea mtu aseme kwamba nadai kwa mwandishi kitu ambacho aina ya hadithi yake haikukusudia kutoa. Ningelikubali pingamizi hilo kama historia yenyewe isingalifanya mzaha wa ajabu. Maana kiasi cha safari fupi kutoka Makunduchi alikozaliwa mwandishi, katika ardhi ya Jambiani, liko pango la mawe ya chokaa liitwalo Kuumbi. Watu wa huko walilijua tangu zamani, na palikuwa ni mahali pa kuombea na kuweka nadhiri. Pango hilo, kwa maana kamili ya maneno, ni mzimu wa watu wa kale. Wakati Bwana Msa alipokuwa akiwatoa watu wa kale katika kitabu, wao walikuwa bado wamelala katika udongo wa Kuumbi wakimngojea mtu wa kuwauliza.

Waliulizwa mwaka 2005. Profesa Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzake walichimba ndani ya pango, na mwaka 2012 wakafuata wachimbaji wengine wa mradi ulioongozwa na Nicole Boivin. Katika tabaka za chini yalipatikana mawe madogo ya kwatsi yaliyopasuliwa kwa ustadi, vyombo vya watu wasiojua chuma. Ilipatikana mifupa ya nyati, na ya punda milia. Nani amepata kusikia habari za punda milia wa Unguja? Hakuna hata ngano moja impayo mnyama huyu makao visiwani. Lakini mifupa ilikuwapo, imechanganyika na majivu ya meko ya wanadamu, na umri wake ulihesabiwa kwa maelfu ya miaka.

Namna ya kuhesabu umri huo yastahili kuelezwa, maana nayo ni upelelezi. Kila kilicho hai huingiza mwilini mwake kaboni, na sehemu ndogo sana ya kaboni hiyo ina tabia ya kujivunja polepole kwa mwendo usiobadilika. Mti unapokatwa na kuchomwa, hauingizi tena kaboni mpya, na ile iliyomo huanza kupungua: baada ya miaka 5,730 imebaki nusu, na baada ya miaka mingine 5,730 imebaki nusu ya nusu. Kipande cha mkaa ni saa iliyotiwa ufunguo siku mti ulipokufa. Mpishi aliyewasha moto katika Kuumbi hakudhani kwamba aacha tarehe nyuma yake, wala muuaji wa Bwana Ali hakudhani kwamba aacha alama. Wote wawili walisalitiwa na kitu kidogo.

Jibu lililotoka katika mkaa na mifupa lilikuwa hili: watu walikwisha kuishi Kuumbi zaidi ya miaka 15,000 iliyopita, na wakati ule Unguja haikuwa kisiwa. Maji mengi ya dunia yalikuwa yameganda kuwa barafu katika nchi za kaskazini, hata bahari ikashuka kiasi cha mita 120 chini ya hapa ilipo leo. Mlango wa bahari baina ya Unguja na Mrima hauna kina kikubwa, basi ulikuwa ni nchi kavu, yenye majani na wanyama, na mtu aliweza kwenda kwa miguu mahali ambapo leo jahazi hupita kwa matanga. Pemba, ambayo mlango wake una kina kirefu sana, ilibaki imetengwa na maji. Kisha barafu ikayeyuka, bahari ikapanda kizazi baada ya kizazi, na nyati na punda milia wakajikuta wamefungiwa katika kisiwa. Katika tabaka za juu mifupa yao haionekani tena. Kisiwa kiliwameza.

Naomba msomaji asimame hapa kidogo akalipime jambo hili kwa kipimo cha fasihi. Imani ya zamani ilisema kuwa katika pango wamo watu wa kale. Uchunguzi ulipofika ulisema nini? Ulisema kwamba wamo. Nao ni wa kale kuliko mzee yeyote wa Jambiani alivyodhani, kuliko msikiti wa Kizimkazi wenye maandishi ya mwaka 1107, kuliko Unguja Ukuu na biashara yake, kuliko hata kisiwa chenyewe. Lugha yetu ina mazoea ya kusema kwamba watu walikuja Unguja. Hawa hawakuja Unguja, Unguja iliwakuta. Ajabu haikupungua kwa kuelezwa. Iliongezeka mpaka ikalibomoa hata neno tunalolitumia kuielezea nchi.

Na ndani ya ajabu hiyo imo nyingine ambayo Bwana Msa angeliwasha kiko upya kwa ajili yake. Katika vyombo vya mifupa vilivyopatikana, vyenye umri wa yapata miaka 13,000, vilikuwamo vichwa vya mishale vyembamba na vyepesi. Wachunguzi walivipima wakavilinganisha na vya wawindaji wanaojulikana mahali pengine. Mshale mwembamba namna ile hauwezi kumwangusha mnyama mkubwa kwa uzito wake, kwa kuwa jeraha lake ni dogo. Ikiwa mshale hauui kwa jeraha, na wanyama wakubwa waliliwa, basi wachunguzi wakaona kuwa yaelekea ncha zile zilipakwa sumu. Angalia mwendo wa hoja: hakuna shahidi, hakuna maiti, hakuna chupa ya sumu, uko wembamba wa mfupa peke yake. Hata hivyo wenye hoja hawakuiita yakini, waliiita dhana yenye nguvu, wakaiacha wazi kwa atakayekuja na ushahidi mwingine.

Katika uwazi huo ndimo ilimo tofauti ya pili baina ya riwaya na uchunguzi. Katika riwaya, Bwana Msa akishasema neno lake la mwisho wote hunyamaza, wala hapana sura nyingine ambamo mtu mwingine afufua kesi ile. Kuumbi mambo hayakuwa hivyo. Chami na wenzake walitangaza kwamba katika tabaka za zamani sana walipata mifupa ya kuku na ya wanyama wa kufugwa, ambayo ingelikuwa dalili ya ufugaji na ya mawasiliano ya ng'ambo ya bahari maelfu ya miaka kabla ya wakati uliodhaniwa. Wachimbaji wa mwaka 2012 walisema kwamba hawakuipata mifupa ya namna hiyo katika tabaka hizo, na kwamba kwa hesabu zao pango liliachwa bila ya watu kwa maelfu ya miaka, hata walipoingia watu wenye chuma katika miaka elfu ya kwanza baada ya Masihi. Jambo hili si dogo, kwa kuwa lagusa historia ya pwani nzima. Lakini pande zote mbili zajua ni kitu gani kitakachowahukumu, nacho ni mfupa wenyewe na tabaka ulimotoka. Mwanafunzi wa fasihi aelewe kwamba mabishano haya si aibu ya elimu, ni pumzi yake. Naye Abdulla yaonekana aliligusa jambo hili mwishoni mwa kazi yake, alipokiita kitabu chake cha mwaka 1984 Kosa la Bwana Msa. Mpelelezi ambaye kosa lake latajwa katika jalada amekaribia zaidi kuwa mwanachuoni kuliko yule asiyekosea kamwe.

Sasa nitaje jambo la pili, nalo ni la mnyama aliye hai. Katika msitu wa Jozani na mashamba yaliyouzunguka yuko kima ambaye asili yake ni Unguja peke yake, mwenye mgongo mwekundu na nywele nyeupe usoni. Watu humwita kima punju, na punju maana yake ni sumu. Jina hilo ni mashitaka. Ilisemwa kwamba mti anaoulia hufa, na wakulima walimhesabu kuwa ni mwizi wa minazi, kwa kuwa walimwona kwa macho yao akila vidaka. Shahidi wa macho yupo, mali iliyoliwa ipo, na jina baya lipo: ni kesi gani iliyo wazi kuliko hii?

Mwishoni mwa miaka ya 1990 wachunguzi Kirstin Siex na Thomas Struhsaker waliamua kuhesabu badala ya kuamini. Waliangalia ni vidaka vingapi kima walikula, kisha wakalinganisha na nazi zilizoangushwa na wakwezi. Wakaona kwamba mahali kima walipokula vidaka zaidi, mavuno ya nazi hayakupungua. Yalielekea kuwa makubwa zaidi. Mkulima ajua kwamba mnazi huangusha wenyewe vidaka vingi ambavyo hauwezi kuvilea, na kima yaelekea alikuwa akipunguza vile ambavyo vingeanguka, akauachia mti nguvu ya kuvilea vilivyobaki. Mshitakiwa huenda alikuwa akifanya kazi ya mpogoaji.

Na sumu je? Hapo ajabu yazidi. Kima hawa walionekana wakila mkaa: huuokota katika matanuri ya wachoma mkaa na katika visiki vilivyoungua, na watoto huiga kwa mama zao. Katika mashamba hula majani ya mwembe na ya mkungu, yenye chakula kizuri lakini yenye fenoli, ambazo ni sumu za mimea za kujilinda. David Cooney na Struhsaker waliujaribu mkaa huo mwaka 1997 wakakuta kwamba unazinasa sumu hizo vizuri, kama unavyonasa mkaa wa hospitali katika tumbo la mtu aliyekunywa sumu. Basi jina la kima punju limegeuka kichwa chini miguu juu: huyu si mnyama mwenye sumu, ni mnyama mwenye dawa ya sumu. Mkaa uliotunza tarehe ndani ya Kuumbi ndio huuhuu uliotunza tumbo la kima katika Jozani.

Mifano hii miwili yatufundisha nini katika uhakiki? Yatufundisha kwanza kujihadhari na makosa mawili yaliyo maarufu. La kwanza ni la msomi mwenye haraka, ambaye akisikia mzimu au kima punju hucheka, akafikiri kwamba kucheka ni kufahamu. Mtu huyu angelipita mbele ya Kuumbi asichimbe. La pili ni la mwenye kuitetea mila kwa pupa, ambaye kila jambo likigunduliwa husema kwamba wazee walilijua tangu zamani. Si kweli, na uwongo huu hauwaheshimu wazee. Wazee wa Jambiani hawakujua kwamba nyati walikwenda kwa miguu kutoka Mrima. Walichojua ni kwamba mahali pale pastahili kuheshimiwa, nao wakapahifadhi. Wakulima hawakujua habari za fenoli. Walichojua ni kwamba kuna sumu mahali fulani katika kisa cha mnyama yule. Waliitunza alama, hawakuwa na njia ya kuisoma. Kuitunza alama ni heshima tosha, wala haihitaji kuongezewa ya kuazima.

Yatufundisha pili kwamba iko hadithi ya Kiswahili ambayo haijaandikwa. Riwaya ya Bwana Msa ilitufundisha kuondoa ajabu ya uwongo, na kazi hiyo bado haijamalizika, maana woga usioulizwa ungali unawapa waovu maficho. Lakini kuiondoa ajabu ya uwongo ni kusafisha uwanja tu. Baada ya kusafishwa yapasa kitu kijengwe, na hapo waandishi wetu, kwa jumla, wameondoka mapema. Tunayo hadithi ambamo mzimu waogopwa, na tunayo hadithi ambamo mzimu wakanushwa. Tungali twangoja hadithi ambamo mzimu wachimbwa, na mchimbaji atoka akiwa na mshangao mkubwa kuliko aliokuwa nao mwenye kuogopa.

Iko sababu moja ya upungufu huu ambayo haifai kunyamaziwa. Ripoti za Kuumbi na za kima wa Jozani ziliandikwa kwa Kiingereza, katika majarida yanayosomwa mbali. Mwanafunzi wa Unguja hujifunza ajabu kwa lugha moja na ukweli kwa lugha nyingine: jini na Giningi huzipata kwa Kiswahili katika mapaja ya bibi yake, na kaboni na barafu huzipata kwa Kiingereza katika chumba cha mtihani. Si ajabu basi akidhani kwamba vitu hivi viwili ni maadui. Alivikuta katika nyumba mbili tofauti. Wala dawa yake si kufasiri istilahi peke yake. Lugha huwa mwenyeji wa elimu siku mtunzi anapoweza kustaajabu kwa lugha hiyo mbele ya jambo la kweli, na msomaji akastaajabu pamoja naye bila ya kuona kwamba amefasiriwa kitu. Abdulla alionyesha kwamba Kiswahili chaweza kubeba hoja kutoka kitu kidogo mpaka hukumu kubwa, hatua kwa hatua, na msomaji asichoke. Chombo hicho alikiacha kimekamilika. Kilichobaki ni kukipeleka mahali ambapo yeye hakukipeleka.

Tukirudi katika kipimo tulichokitafuta, hukumu yangu ni hii. Muhammed Said Abdulla ni mwalimu wa ushahidi, na katika hilo hana wa kumtangulia katika nathari ya Kiswahili. Lakini aliufanya ushahidi kuwa mwisho wa njia. Ardhi ya kwao imethibitisha kwamba ni mlango. Mtunzi atakayeingia katika mlango huo hahitaji kuvumbua jini wala kubuni mji usioonekana. Chini ya mchanga wa mlango wa Unguja iko nchi nzima, yenye njia za nyati, ambayo jicho la mtu halikuiona kwa zaidi ya miaka elfu nane, na kila asubuhi majahazi hupita juu yake.